Kabla Hujatia Saini Ombi la Kujenga Bondeni

Hapa Zanzibar maombi ya kujenga bondeni mengi huletwa kaskazi, msimu wa ukavu. Kiwanja kikavu, nyasi zimenyauka, mpima kashapita, na kwenye mchoro pameandikwa "kiwanja kitupu". Ukiusoma mchoro huo mezani peke yake huna la kuupinga. Sheha (kiongozi wa shehia, yaani mtaa au kijiji), kamati ya shehia na majirani wanajua kitu ambacho mchoro hauonyeshi: maji ya masika husimama wapi na hutokea wapi.

Kwa hiyo nendeni uwanjani na mchoro mkononi, na nyumba iacheni kwanza. Tafuteni mstari wa tope kwenye kuta za jirani. Tazameni pia mimea: penye matete na ndago zilizobaki kijani jua likiwa kali, maji hayako mbali chini. Tieni alama ya maji ya juu kwenye fito, halafu pimeni tofauti yake na usawa wa barabara kwa ule mpira wa maji wanaotumia mafundi. Namba hiyo moja ndiyo mtakayobishana nayo baadaye. Pwani na kwenye mikoko, pimeni siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, na ikiwezekana bamvua la Machi au Septemba, ndiyo makubwa ya mwaka. Aliyepima maji mafu, siku bahari inapopanda kidogo, amepima pwani nyingine. Na zile mita 60 za kukaa mbali na maji zinazotajwa sana ni za sheria ya mazingira ya Bara ya 2004. Huku tuna Sheria ya Mazingira Namba 3 ya 2015 na ZEMA yetu, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, basi waulizeni wao umbali unaotakiwa kwa eneo hilo.

Sasa kifusi, na hapa ndipo watu hupitiwa. Chukueni bonde la hekta moja, mita za mraba 10,000, ambalo masika hushika maji ya kina cha nusu mita. Hayo ni mita za ujazo 5,000. Mtu mmoja akijaza kiwanja cha mita 20 kwa 30, maji kwa wenzake yanapanda kama sentimita 3 tu. Hakuna atakayelalamika, na ombi linapita. Wakijaza wanane, kila mmoja kwa ombi lake dogo lisilo na madhara, maji yaleyale yanabaki na nafasi ya mita za mraba 5,200, na kina kinakaribia mita moja. Aliyejenga zamani bila kuinua msingi ndiye anayelala na maji. Waliokuwa wakipita Mwanakwerekwe, Unguja, miaka ya mvua kubwa wanalijua bonde ambalo maji yake yamekosa pa kutulia. Hivyo kila ombi lisomwe pamoja na yaliyokwisha kukubaliwa bonde hilohilo. Shehia iweke daftari lake: kiwanja, ukubwa, kimo cha kifusi. Muombaji naye aulizwe idadi ya gari za kifusi. Kiwanja hicho kikiinuliwa mita moja kinataka mita za ujazo 600, yaani gari 86 za mita za ujazo 7, na kwa kuwa kifusi hushuka kikishindiliwa, karibu mia. Anayesema "gari ishirini tu" ama hajui anachojenga, ama anajua vizuri sana.

Mtaro nao una hila zake. Mtakuta mchoro umeandika kalvati (bomba la kupitishia maji chini ya njia) mbili za kipenyo cha milimita 600 badala ya moja ya 900, kwa hoja kwamba mbili ni nyingi. Si kweli. Ya 900 hupitisha karibu mara tatu ya ile moja ya 600, na bomba jembamba huziba upesi kwa chupa na mifuko. Tazameni pia kitako cha bomba: kikikaa juu ya sakafu ya mtaro, maji yaliyo chini ya kimo hicho hayatoki kamwe, na mbu wanapata makao. Mtaro unaomwaga pwani uangaliwe dhidi ya bamvua. Kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 siku hizo, na mvua kubwa ikigongana na maji kujaa, mdomo wa mtaro uliowekwa chini mno hufungwa na bahari kwa saa kadhaa. Lazima bonde libaki na pa kuyahifadhi maji kwa muda huo.

Karo la choo: chimbeni shimo la majaribio masika, liacheni usiku kucha, asubuhi pimeni maji yaliposimama. Kitako cha karo la kunyonya, lile linaloachia maji yake ardhini, kiwe angalau mita 1.5 juu ya hapo. Bondeni mara nyingi haiwezekani, basi ni tangi lililozibwa na kunyonywa kwa gari, au kibali kisitolewe. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe msitegemee umbali peke yake, maana maji machafu hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na kufika kisimani mapema.

Pemba tatizo huanzia juu. Mlima hukatwa ili kupata kiwanja, na udongo mwekundu hushukia kwenye mpunga. Kukata kufanyike nje ya mvua, viroba vya mchanga vipangwe chini ya mteremko, na nyasi zipandwe kabla ya masika.

Masharti yaandikwe kwa vipimo. "Muombaji azingatie mazingira" halimfungi mtu. "Mtaro wa upana wa mita 2 na kina cha mita 1.2 uchimbwe na kalvati ya 900 ilazwe kabla ya gari ya kwanza ya kifusi" linakaguliwa na mtu yeyote mwenye futi. Ukaguzi uwe mara tatu: kabla ya kifusi, msingi ukikamilika, na baada ya masika ya kwanza.

Kifusi kikimwagwa bila kibali, andikeni siku hiyohiyo, pamoja na picha zenye tarehe na hesabu ya gari, nakala kwa sheha na kwa ZEMA. Gari kumi huzolewa kwa siku moja. Kuta zikishapanda, mjadala huwa ni wa fidia.