MGB ya 1965: giaboksi ya gia tano

Ndugu, kama kwenye MGB yako, ile gari ya michezo ya Kiingereza, namba wani inasaga unapoiingiza huku gari bado inatembea, hiyo si hitilafu. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 hazina sinkronaiza (kinacholinganisha kasi ya gia ili ziingie bila kusaga) kwenye gia ya kwanza. Suluhisho lililozoeleka Uingereza ni giaboksi ya Type 9 ya Ford Sierra: gia tano, zote na sinkronaiza, ya tano ikiwa na uwiano wa 0.82. Kwa difu ya 3.9, kwenye kilomita 100 kwa saa injini inashuka kutoka mizunguko kama 3,500 kwa dakika hadi 2,850.

Nunua seti kamili ya vipuri vya kubadilishia: kava inayofunika klachi na kuunganisha giaboksi na injini, bushi ya nyuma ya krenki, bering ya klachi, kishikio cha nyuma, kebo ya spidi na propela shafti iliyokatwa kwa kipimo. Injini na giaboksi vinatoka pamoja.

Wengi wanakosea kwenye bushi. Ikibana shafti ya giaboksi, klachi haiachii hata ukikanyaga mpaka chini, halafu lawama zinaiangukia giaboksi. Jaribu bushi kwenye shafti na uizungushe kwa mkono kabla ya kufunga. Oili ni GL-4 ya 75W-80, si ile ya injini uliyokuwa ukimimina kwenye giaboksi ya zamani.

Ila kabla hujatoa hela, chomoa pini ya pedali ya klachi. Ikiwa imelika na tundu limekuwa yai, pedali inapoteza mwendo na gia zote zinakuwa ngumu. Pini ni bei ya soda.