Ukitaka kugoma mgodini, anza kwa kuhesabu siku

Nilifukuzwa kazi mgodini Septemba 2010, siku ya tano ya mgomo ambao mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa vinara wake. Mgodi siutaji. Kanda ya Ziwa ni ndogo na wengi wetu bado tunakutana misibani. Naandika kwa sababu kila nyongeza ikichelewa napigiwa simu na vijana walioko chini, chini ya ardhi namaanisha, wakiniuliza: "Kaka, tukigoma Jumatatu itakuwaje?" Nami nawauliza: mnadai nini hasa? Wengi hukasirika, wanaona nawapotezea muda wa maongezi.

Sisi tulikuwa na madai matatu kwenye barua moja: nyongeza ya mshahara, ovataimu ya miezi minne ambayo haikulipwa, na ratiba mpya ya shifti. Tuliona barua imeshiba. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayatenganisha mambo hayo. Nyongeza ni mgogoro wa maslahi: unaomba kitu ambacho bado si chako. Ovataimu uliyokwisha kuifanya ni lalamiko, kwa kuwa hela hiyo ni yako tayari. Mgomo unaruhusiwa kwenye maslahi tu. Lalamiko unalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 60, na usuluhishi ukishindikana linakwenda kuamuliwa. Sasa kilichotuuma sisi ni ovataimu. Hiyo ndiyo iliyotufanya tugome, na hiyo ndiyo sheria ilikuwa imetuambia tuidai kwa karatasi.

Kwa madai ya maslahi njia yenyewe si ndefu kama watu wanavyoogopa. Chama kinajaza fomu, CMA F1, kinaipeleka Tume. Usuluhishi una siku 30. Ukikwama, chama kinapiga kura kwa utaratibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga wakikubali mnampa mwajiri notisi ya saa 48. Mkipita humo, mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu ya kugoma, wala kuleta watu wa kuziba nafasi zenu. Mshahara wa siku za mgomo halazimiki kulipa. Hilo lisemeni nyumbani mapema. Mke wangu alilijua dukani, siku alipoambiwa deni limetosha.

Sisi tulipiga kura kwa kunyoosha mikono kantini, shifti moja, wengine mdomoni bado wana ugali. Hakuna aliyehesabu. Katibu wa tawi aliandika "wote wamekubali" kwenye daftari la mazoezi la mwanawe.

Jioni yake, saa 12, foleni ya keji, lifti ya kushukia shimoni, ilikuwa imejipanga kama kawaida. Taa za kofia zinawaka, mabuti yanakwaruza zege. Mwendesha keji akapiga kengele. Hakuna aliyesogea. Akapiga tena. Nakumbuka ule ukimya, feni kubwa za hewa zikiunguruma peke yake, na mzee mmoja wa kuchoronga miamba akavua kofia yake taratibu na kuiweka chini mbele ya miguu. Wote tukafanya vile vile. Mpaka leo nikisimulia hapo nywele zinanisimama, na sijuti hata kidogo kwamba nilikuwepo.

Ila usiku huohuo vijana wakalaza lori la dampa mbele ya geti ili mabosi wasiingie. Sheria inakataza kumzuia mwajiri kuingia kwake, kama inavyokataza kumfungia ndani, na kama inavyokataza kusimama getini kuwazuia wenzenu. Wengi tunaona Waafrika Kusini wanakusanyika getini na kuimba tunadhani na kwetu ruksa. Kwetu hapana. Picha ya lile dampa niliikuta baadaye kwenye jalada, imechapishwa rangi, ukurasa mzima.

Sasa siasa. Lazima mkumbuke mwaka wenyewe. Mei 2010 TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walikuwa wameitisha mgomo wa nchi nzima wakidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Siku mbili kabla, Rais Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema serikali haina uwezo huo na kama ni kura za wafanyakazi yuko tayari kuzikosa. Mgomo ukasitishwa. Sisi tulisikiliza hotuba ile redioni kambini, na nadhani hapo ndipo wengi walipoanza kuhesabu mgomo kama kura: ukigoma unaipiga serikali, ukienda kazini unaiunga mkono. Mshahara ukawa pembeni. Kufika Septemba, kampeni zimepamba moto, mgomo wetu ulikuwa tayari una rangi za vyama kabla hata hatujautangaza.

Siku ya pili akaja mgombea. Alipanda juu ya pikapu, akavua viatu kwanza, jambo lililotufurahisha sana sijui kwa nini. Akasema hakuna atakayefukuzwa, na akifukuzwa mtu yeye ataongea na waziri. Akachukua majina yetu vinara, na namba za simu. Msaidizi wake akapiga picha. Mgombea wa upande wa pili akaja alasiri, naye akachukua majina. Siku ya tatu likabandikwa tangazo getini: asiyeripoti kesho saa 1 asubuhi amejiondoa kazini. Siku ya tano FFU, polisi wa kutuliza ghasia, walikuwa wameshuka, barua zinagawiwa kwa orodha, na jina langu ni la kwanza.

Kuna jambo nililolijua nimechelewa: hata mgomo usio halali haumpi mwajiri ruhusa ya kufukuza kiholela. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka awasiliane na chama na atoe onyo lenye masharti yanayoeleweka, na watu wapewe muda wa kulitafakari. Kwa hiyo tangazo likibandikwa lipigeni picha, saa ionekane, mtafuteni kiongozi wa chama asome naye. Sisi tulilichana.

Na angalieni mkataba wako unasema mwajiri ni nani. Siku hizi wengi mashimoni ni wa kontrakta. Unaweza kugoma kwenye geti la mtu ambaye si bosi wako kisheria, naye akakutazama tu.

Kuhusu chama chenyewe: msikikimbie kwa sababu mnaona viongozi wamelala. Badilisheni viongozi. Kule Marikana, Afrika Kusini, Agosti 2012, wachoronga miamba walidai randi 12,500 wakiwa hawaamini tena chama chao kikubwa, NUM. Tarehe 11 waliandamana kwenda ofisi ya chama na wakapigwa risasi huko. Siku tano baadaye polisi waliua watu 34. Na katibu mkuu wa kwanza wa chama hichohicho, Cyril Ramaphosa, wakati huo alikuwa kwenye bodi ya kampuni yenye mgodi. Wafanyakazi walibaki katikati, hawana wa kuwasemea kwenye meza yoyote.

Kwetu limeongezeka jambo lingine. Tangu sheria ya 2017, serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Mheshimiwa anayekuja kuwatuliza leo, serikali yake inasubiri gawio palepale. Mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti na maji. Msimpe barua yenu awapelekee.

Mimi nilimpa. Barua ya kufukuzwa ilipotoka nilikuwa na siku 30 za kufungua shauri CMA; kwa kufukuzwa si zile 60. Nilimpigia yule mgombea aliyevua viatu, akaniambia nisiende Tume, nitaharibu mazungumzo, waziri analijua suala langu. Nikasubiri. Wiki ya kwanza anapokea, ya pili anapokea msaidizi, ya tatu simu inaita tu. Nilifika Tume siku ya 34.

Ukichelewa unajaza fomu nyingine ya kuomba uongezewe muda, na lazima uandike sababu. Niliandika ukweli, kwamba nilikuwa nasubiri ahadi ya mheshimiwa. Msuluhishi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama huyo mheshimiwa alishinda uchaguzi.

Nikamwambia alishinda. Akagonga muhuri: maombi yamekataliwa.