Mradi wa mwisho wa programu: punguzeni wazo kwanza

Mwalimu, umeuliza wanafunzi wako waanzie wapi, ilhali wanataka kujenga soko zima la samaki la mtandaoni kabla ya muhula kwisha. Ningewashauri wapunguze wazo hilo hadi libaki daftari la mauzo la mchuuzi mmoja wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, linalopokea tarehe, idadi ya magunia, bei na deni, kisha kutoa jumla ya siku. Kabla ya kugusa kompyuta, waende wakamtazame mchuuzi huyo akiandika, kwa maana hapo ndipo watakapogundua kwamba mteja anaweza kulipa nusu leo na nusu keshokutwa, jambo linalobadilisha muundo mzima wa data. Lugha ya programu ya Python inatosha kabisa, nayo huja na moduli ya SQLite, yaani hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo taarifa zilizokwisha kuhifadhiwa hubaki hata umeme ukikatika, wala intaneti haihitajiki. Ifikapo nusu ya muda mliojipangia, toleo la kwanza liwe linafanya kazi, urembo usubiri. Tafadhali, kila mwanafunzi aeleze kwa mdomo sehemu aliyoiandika, kwani kazi ya kikundi mara nyingi huishia mikononi mwa mmoja.