Hasara ya milioni 20, bima inanipa milioni 9: nimedhulumiwa?

Swali: Nina duka la vifaa vya umeme Morogoro. Moto umeunguza sehemu ya nyuma na nimepata hasara ya shilingi milioni 20. Bima yangu ni ya milioni 30 na ada nililipa yote. Sasa kampuni imeniletea karatasi nisaini nilipwe milioni 9. Hasara si imo ndani ya milioni 30?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Karatasi hiyo usiisaini kwanza. Ni hati ya kukubali malipo, na kwa kawaida imeandikwa kwamba ukishapokea fedha hizo huna dai lingine juu ya moto huo.

Kilichokupata ni sharti la uwiano, ambalo watu wa bima huliita avereji. Limo karibu katika kila bima ya moto, na sijui kwa nini mawakala hawalielezi siku ya kuuza, maana ndilo linaloumiza wafanyabiashara wengi. Mkadiriaji hasara akija dukani hahesabu vilivyoungua tu. Anahesabu mali yote iliyokuwemo siku ile, iliyoungua na iliyopona. Akikuta duka lilikuwa na mali ya milioni 60 nawe umekatia milioni 30, kwao umelipia ulinzi wa nusu ya duka, na nusu nyingine umeibeba mwenyewe. Basi hasara ya milioni 20 inalipwa nusu, milioni 10. Toa asilimia 10 ambayo polisi nyingi, yaani mikataba ya bima, humwachia mteja aibebe mwenyewe, inabaki milioni 9. Nadhani hesabu yako imetoka hapo.

Nikuulize: hiyo milioni 30 ilitoka wapi? Mara nyingi nakuta ni kiasi cha mkopo. Benki inataka bima ndipo itoe fedha, basi mtu anakatia kiasi kilekile cha mkopo, wakati duka lina mali maradufu. Kama ndivyo, soma pia polisi uone malipo yanaanzia kwa nani, huenda benki imetajwa kuwa wa kwanza kulipwa.

Sasa, kubishana na sharti lenyewe ni kupoteza muda. Kagua ile milioni 60. Iombe kampuni kwa barua ikupe hesabu ya mkadiriaji, kisha uipitie mstari kwa mstari. Je, mali imethaminiwa kwa bei ya kuuzia? Bidhaa za duka kwa kawaida huhesabiwa kwa bei uliyonunulia, faida haimo. Je, amejumlisha mzigo wa stoo nyingine ambayo haimo katika bima hii? Na mali kauli, ile uliyochukua kwa msambazaji bila kuilipia, imehesabiwa vipi? Polisi nyingine inaikinga, nyingine haigusi kabisa. Isiwe imeongezwa kwenye thamani ya duka halafu ikakataliwa kwenye hasara. Ukithibitisha kwamba thamani halisi ilikuwa milioni 40, unalipwa robo tatu: milioni 15, na baada ya kutoa ile asilimia 10 unapata 13.5. Tofauti ya milioni 4.5 kwa kusahihisha namba moja!

Ushahidi ni risiti za EFD za manunuzi, hati za kupokelea mzigo, taarifa ya benki, daftari la stoo. Kama daftari limeungua, nenda kwa wasambazaji wako wakutolee nakala, wao wanazo.

Na yale mabaki nyuma ya duka, hata nyaya zilizoyeyuka, usiyatupe wala kumuuzia mtu wa vyuma chakavu kabla kampuni haijakuruhusu kwa maandishi. Nimeona madai mazuri yakidhoofika kwa sababu mwenye duka alifagia mapema ili afungue biashara.

Kampuni ikishikilia namba yake bila maelezo, omba jibu la mwisho kwa maandishi, kisha upeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo iliwekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa migogoro ya namna hii hii. Nenda na polisi, barua zote mlizoandikiana, na hiyo hati ikiwa bado haina saini yako.