Wezi wamevunja kioo cha mlango wa gari: kabla hujafagia chenga

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama kioo cha mlango wa gari lako kilichovunjwa na wezi hapa Tanga kinaungika. Hakiungiki. Cha mbele kina utando wa plastiki katikati unaoshika vipande. Cha pembeni, kwa magari mengi, humwagika chenga chenga.

Piga picha kwanza, kisha kachukue RB (namba ya taarifa yako) polisi. Kama una bima kubwa (comprehensive), kampuni ya bima itaidai RB hiyo. Bima ndogo (ya mtu wa tatu tu) hailipi wizi.

Ukienda kwa mafundi Ngamiani, simama palepale fundi afungue paneli ya mlango, anyonye chenga zote zilizozama chini. Mimi sikusimamia: mlango ukawa unalia kama kokoto kwenye kopo, kioo kipya kikachubuka. Leo usiku funika na nailoni, unyevu wa bahari usiingie kwenye swichi.