Wimbi lina urefu, lina na kimo

SWALI: Natafsiri somo la mawasiliano ya kidijitali. Nimeandika: "Data inatumwa kwa kubadilisha urefu wa wimbi mbebaji" (yaani wimbi linalobeba data hiyo).​ Mwenzangu anasema sentensi inapotosha, tena ina kosa la kisarufi. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa kubwa limo katika neno urefu, na wengi hujikwaa hapo. Mtu mrefu tunampima kwenda juu, kamba ndefu tunaipima kwa kuinyoosha. Neno ni lile lile na hakuna anayechanganyikiwa, maana kila kitu kina urefu wake unaojulikana. Wimbi lina yote mawili. Katika fizikia, urefu wa wimbi ni umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Wewe ulitaka kusema jinsi linavyopanda juu, na neno lake tunalo: kimo.

Nalitetea neno hili kwa sababu nyingine pia. Kimo cha mti huanzia ardhini, si kwenye ncha ya mzizi. Kimo cha wimbi nacho hupimwa kuanzia usawa wake wa utulivu hadi kileleni. Ukianzia bondeni utapata mara mbili yake. Wanaoandika amplitudo hawajakosea, lakini msomaji mgeni hatalielewa bila kufafanuliwa. "Ukubwa wa wimbi" nauepuka kabisa, kwa kuwa hausemi ni ukubwa upi.

Litazame neno likiwa kazini. Ujerumani iko stesheni iitwayo DCF77, inayorushia saa majira sahihi kwa wimbi linalotetema mara 77,500 kwa sekunde. Kila sekunde inapoanza, kimo cha wimbi hilo hushushwa hadi kama asilimia 15 ya kawaida yake, kisha hurudishwa juu. Kikikaa chini kwa sehemu ya kumi ya sekunde, saa husoma 0. Kikikaa sehemu mbili za kumi, husoma 1. Sekunde ya mwisho ya dakika hupita bila kushushwa, na kwa ukimya huo saa hujua kwamba dakika mpya inaingia. Sasa weka urefu mahali pa kimo katika maelezo hayo, uone yanavyoharibika.

Ndiyo maana badala ya kubadilisha ningeandika kupandisha na kushusha. Kubadilisha si kosa, ila vitenzi hivi viwili vinamwonyesha msomaji kinachotokea.

Tuje kwa mbebaji. Kiambishi m- hapo ni cha mtu. Tunasema nchi mwanachama, ni kweli, lakini nchi ina watu ndani yake, wimbi halina. Lugha ina njia iliyokwisha kuzoeleka: mvamizi ni mtu, mimea ni vamizi; msimulizi ni mtu, fasihi ni simulizi. Basi mchukuzi ni mtu, na wimbi ni chukuzi. Wimbi bebaji nalo linapita, ila chukuzi ni ndugu wa uchukuzi, neno ambalo kila mtu analijua kwa habari ya kusafirisha mizigo.

Inatumwa iwe hutumwa, kwa sababu unaeleza jambo la siku zote, si linalotendeka sasa hivi.

Na kama somo lako litagusa masafa, shika neno hilo kwa uangalifu. Redio ya "masafa mafupi" imeitwa hivyo kwa urefu wa mawimbi yake, ilhali mafundi wengi leo wakisema masafa wanakusudia idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mambo hayo mawili huenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo huwa mingi. Mimi ningetaja mitetemo waziwazi, hivi: "Data hutumwa kwa kupandisha na kushusha kimo cha wimbi chukuzi, huku idadi ya mitetemo yake kwa sekunde ikibaki ile ile."