Jibu: Life is Strange ilistahili sifa zile?

Mkuu, umeuliza kama wahakiki waliipa Life is Strange, ule mchezo wa video wa hadithi, sifa za haki au zilikuwa kelele tu. Kwangu mimi, ilistahili. Ilitoka kwa sehemu 5, Januari hadi Oktoba 2015, na mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Uingereza ya BAFTA ya hadithi. Kilichowagusa wengi ni urafiki wa Max, msichana unayemchezesha, na rafiki yake Chloe. Ila mimi nakwambia cheza sehemu ya 2: Kate, mwanafunzi mwenzake Max, yuko juu ya paa akitaka kujirusha, uwezo wa Max wa kurudisha muda nyuma umegoma, umebaki na maneno tu. Kama hukumfuatilia Kate tangu mwanzo, utakwama. Lawama zilikuwepo: midomo haiendani na sauti, misimu ya vijana ya kulazimisha (Chloe ndiye kinara!), na mwisho unaofuta maamuzi yako yote. Hilo la mwisho hata mimi liliniudhi.